Mtazamaji Naye ni Hakimu

Iko rai moja iliyokaa vinywani mwa watu wenye heshima zao, kutoka barazani kwa wazee wa Lushoto mpaka katika ofisi za walimu, na kutoka mimbarini mpaka katika vikao vya madiwani, ikasemwa mara nyingi hata ikapata sura ya hakika isiyodai ushahidi. Nayo ni kwamba kijana ashindaye kibandani akitazama filamu, akashika pedi ya gemu mpaka vidole vikafa ganzi, kisha akatoka hapo na kuanza kutoa maoni juu ya Bunge, uchaguzi na mataifa makubwa, ni mtu aliyepotewa na akili mara tatu: kwanza kwa kupenda upuuzi, pili kwa kuiga ya kigeni, na tatu kwa kujitia katika siasa asizozijua. Husemwa kwamba angalifaa zaidi kushika jembe katika bonde la Mlalo, au kupakia kabichi na karoti za Lukozi zipelekwazo Dar es Salaam, na kwamba maneno yake juu ya dunia hayastahili kutegewa sikio na mtu mzima. Nimeisikia rai hii miaka mingi, na waisemao nawaheshimu, maana wengine wao kwa umri ni baba zangu na mama zangu; walakini heshima haimlazimishi mtu kukubali hoja mbovu, na hoja hii ni mbovu tangu msingi.

Nianze na lile la ugeni, kwa kuwa ndilo lisemwalo kwa sauti kubwa kuliko mengine. Watu hunena juu ya sinema kana kwamba ilipanda milima hii juzi pamoja na madishi na simu za mkononi, ikawakuta Wasambaa katika utulivu wa kale usiojua picha inayotembea. Tarehe inawakana. Mwaka 1935, Vugiri, katika milima hii hii ya Usambara, paliwekwa makao ya jaribio la kuwaelimisha Waafrika kwa njia ya sinema, lililobuniwa na J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni, likagharimiwa kwa sehemu kubwa na fedha za shirika la Carnegie la Marekani, na kuendeshwa na Meja L. A. Notcutt pamoja na G. C. Latham. Hata kufikia mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu 35, wachezaji wake wakiwa Waafrika, nyingine za chai, nyingine za ngozi, nyingine za safura, nyingine za kuweka akiba posta, na nyingine hadithi za kubuni. Na kwa kuwa hapakuwa na njia rahisi ya kutia sauti katika utepe wenyewe, maneno yalirekodiwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, zikapigwa sambamba na picha. Kisha lori likaubeba mtambo wote, likazunguka nao Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Hiyo ilikuwa miaka minane tu baada ya sinema ya Marekani kuanza kusema. Mzee amwambiaye mjukuu wake leo kwamba filamu ni mgeni milimani, humwita mgeni mtu aliyezaliwa Usambara kabla yake yeye mwenyewe.

Sikuitaja Vugiri kwa fahari tupu, maana jaribio lile lilikuwa na ila kubwa, na ila hiyo ndiyo kiini cha malumbano yangu. Wazungu wa zama zile walioshughulika na sinema ya Waafrika, wenye nia njema na wasio nayo, walikuwa na dhana moja iliyowaunganisha: kwamba mtazamaji Mwafrika ana akili ya mtoto, kwamba aionacho katika kitambaa cheupe hukidhani kuwa kweli, kwamba picha lazima iende polepole na hadithi iwe nyepesi, la sivyo atachanganyikiwa au atapotoka. William Sellers aliifuata njia hiyo hiyo kule Nigeria, akaja nayo katika idara ya filamu za makoloni iliyoanzishwa na Uingereza mwaka 1939. Wadhibiti wa serikali ya Tanganyika, kwa upande wao, walizipima filamu kwa kuangalia rangi ya atakayezitazama, zikawapo zilizoruhusiwa kwa Mzungu na kukatazwa kwa Mwafrika, kwa hofu kwamba akimwona mwizi wa Chicago ataiba, na akimwona Mzungu amelewa atamdharau bwana shauri. Sasa ichukue rai ya barazani, uivue kanzu yake, uitazame mwili: je, si dhana ile ile? Kijana ataiga kila aonacho. Kijana hajui kupambanua kweli na mchezo. Kijana na achaguliwe cha kutazama na walio juu yake. Ajabu yake ni kwamba wale wanaolia kwa sauti kuu juu ya uigaji wa ugeni, wenyewe wameazima kutoka kwa mkoloni kile kilichokuwa kibaya kuliko vyote alivyoleta katika sanduku lake la filamu, yaani dharau kwa atazamaye.

Na dharau hiyo ilipata kukanushwa zamani, tena hadharani. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika filamu za Kiswahili, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, na mchezaji wake mkuu alikuwa kijana aliyeitwa Rashidi Mfaume Kawawa. Bila shaka wapo waliomtazama wakasema huyu ni wa kuchekesha watu tu. Mwezi Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, serikali ya nchi changa alikabidhiwa mchezaji huyo wa filamu, naye hakuiangusha. Mwalimu mwenyewe, akiwa na dola nzima mabegani, alipata wasaa wa kutafsiri mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, kiongozi auawaye na marafiki zake, ukatoka mwaka 1963 ilhali dola yenyewe ingali mbichi. Na mwaka 1969 ukafuata Mabepari wa Venisi. Sijapata kumsikia mzee yeyote akisema kwamba Mwalimu alipoteza wakati. Kumbe tafrija na siasa zinaweza kulala katika kichwa kimoja zisigombane, maadamu kichwa chenyewe ni cha mkubwa. Kosa la kijana wa Lushoto ni udogo wa cheo tu.

Twende sasa kibandani, ambako wengi wa wanaotoa hukumu hawajatia mguu. Kibanda umiza, kama watu walivyokipa jina kwa mzaha wa haki, ni mabenchi yasiyo na egemeo, mabati juu, turubai mlangoni, na televisheni iliyoinuliwa ili wa nyuma nao waone. Jioni za mpira wa Ulaya hujaa hata mtu akashindwa kujikuna, na mchana huonyeshwa filamu, nyingi zikiwa zimetafsiriwa. Sanaa hii ya kutafsiri filamu kwa sauti juu ya sauti, ambayo miongoni mwa mashuhuri wake alikuwa Kapteni Derek Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu, haijapewa na wasomi wetu heshima inayoistahili. Mfasiri wa kibandani hatafsiri tu. Hueleza, huonya, hukejeli, humpa jambazi wa Hong Kong jina la mtaa wa Dar es Salaam, humtabiria shujaa mauti yake, na pale ambapo midomo ya Mchina imetamka maneno mawili, yeye hutoa sentensi nne, nao watazamaji hucheka kwa sababu wamekwisha kuhesabu. Mtu aliyekulia katika mafunzo hayo amezoea tangu utoto kusikia sauti mbili kwa wakati mmoja, ya mwenye kisa na ya mwenye kukisimulia, na kujua kwamba hazilingani. Hiyo ndiyo elimu ambayo Latham na Notcutt walidhani Mwafrika hataiweza, na ambayo vyuo huitoza karo kubwa chini ya jina la uhakiki.

Ama juu ya gemu, hapa sina budi kuwapa wapinzani wangu haki yao kwa sehemu. Kuna mashine za kamari zilizotapakaa hata katika vijiji vya ndani, zenye kumeza sarafu za watoto, na kuna kubeti kwa simu kunakomaliza mtaji wa mboga kabla mboga hazijafika sokoni. Hayo siyatetei, na mzazi ayalaaniye simlaumu. Lakini kuitupa gemu ya mpira katika kapu moja na kamari ni kukosa insafu. Wawili walioshika pedi, na wanane waliosimama nyuma yao wakihukumu kila pasi, wanafanya kile kile ambacho babu zao walikifanya kandokando ya ubao wa bao, ambapo mtazamaji alikuwa na kelele kuliko mchezaji na hakuna aliyesema kwamba bao lilimwondolea mtu akili. Na lau wangalisikiliza maongezi ya hao wanane, wangalishangaa. Mwezi Septemba 2025 ilitangazwa kwamba kampuni ya Electronic Arts ya Marekani, yenye kutengeneza gemu ya kandanda iliyopendwa duniani kote, itanunuliwa kwa dola bilioni 55 na kundi la wawekezaji ambamo mna mfuko wa serikali ya Saudia pamoja na kampuni ya Jared Kushner, mkwewe Rais wa Marekani. Kijana mwenye pedi alizipata habari hizo siku ile ile. Akauliza kwa nini dola ya mafuta inunue mchezo wa watoto; akajibiwa na mwenzake kwamba ndio hao hao walionunua timu ya Newcastle mwaka 2021; wa tatu akasema anayemiliki furaha ya watu hana haja ya kuwaomba wamsifu. Mwalimu asemaye kwamba gemu haina uhusiano na siasa na aje amjibu huyo wa tatu. (Na iwe faida ya nyongeza kwa wapenzi wa lugha: wimbo wa Baba Yetu, ambao Mmarekani Christopher Tin aliitungia muziki Sala ya Bwana ya Kiswahili kwa ajili ya gemu ya Civilization IV ya mwaka 2005, ulitwaa tuzo ya Grammy mwaka 2011, na kabla yake hakuna muziki wa gemu uliopata kuitwaa tuzo hiyo. Kiswahili kiliufikia ukumbi ule kwa mlango ambao wazee wetu wanataka ufungwe.)

Nifike kwenye siasa, ambako kejeli huwa kali kuliko pengine pote. Waheshimiwa wanapotaka kura, hakuna jukwaa linalosimamishwa pasipo msanii wa kizazi kipya, na hakuna mkutano wa kampeni unaoanza kabla spika hazijawaita hao hao mashabiki kwa nyimbo wazipendazo. Siku hizo shabiki ni mwananchi mwenye busara na nguvu kazi ya taifa. Kura zikisha kuhesabiwa, hurudi kuwa mhuni. Tena mashabiki hao wamekwisha kupeleka watu wao Bungeni: Joseph Mbilinyi aitwaye Sugu kwa Mbeya Mjini mwaka 2010, Joseph Haule aitwaye Profesa Jay kwa Mikumi mwaka 2015, na karibu nasi kabisa, Hamis Mwinjuma aitwaye Mwana FA, aliyechaguliwa mwaka 2020 katika jimbo la Muheza, lenye Amani na misitu ya Usambara ya Mashariki ndani yake, kisha mwaka 2023 akawa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo. Mwaka 2017 Nay wa Mitego alipokamatwa kwa ajili ya wimbo wake Wapo, na Baraza la Sanaa likaupiga marufuku, aliyeamuru msanii aachiwe alikuwa Rais Magufuli. Ikiwa Ikulu ilisikiliza wimbo na kuona kwamba una neno, shabiki wa Soni, hapa milimani, akisema hivyo hivyo amekosa nini?

Jirani zetu wametupa somo la damu. Juni 2024 vijana wa Kenya, wale wale waliobezwa kuwa watoto wa TikTok, waliusoma Muswada wa Fedha kwa vifungu vyake, wakaufafanua kwa video fupi, kwa vichekesho na kwa lugha za makabila yao, wakajaa barabarani; na tarehe 26 ya mwezi huo, baada ya roho za watu kupotea, Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Kwetu, tangu siku ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchini. Sitaki kurefusha juu ya siku zile, maana zina machungu yake na wenye misiba yao. Nasema neno moja tu kwa wale wanaoshikilia kwamba mazungumzo ya vijana simuni ni upuuzi usio na uzito: hakuna atiaye kufuli ghala tupu.

Kuna pingamizi moja ambalo silibezi, nalo ni la uongo. Yasemwa kwamba shabiki hupata habari zake kwa vipande vya video vilivyokatwa na kuungwa, sura za watu zikabandikwa maneno wasiyoyasema, na kwamba rai iliyojengwa juu ya vipande hivyo ni batili. Kweli, hatari ipo, na kwa mitambo ya kisasa yenye kuigiza sauti na nyuso inazidi. Lakini na tuulizane kwa uwazi ni nani anayedanganyika upesi zaidi. Kijana aliyetazama filamu elfu moja anajua kwamba mlipuko umetengenezwa, kwamba mtu aliyeanguka ghorofani alikuwa amefungwa kamba, kwamba katika ukataji wa picha mchana hugeuka usiku na jana hugeuka leo. Macho yake yamefundishwa kutafuta mahali palipoungwa. Nimekaa katika makundi ya ndugu ya simuni, na wanaonitumia picha za bandia, pamoja na dua za kunitaka nizisambaze kwa watu kumi kabla ya magharibi, si wapwa zangu wa kibandani. Ni wajomba zangu, wastaafu wenye vyeti ukutani. Ikiwa uongo ndio hofu, basi maarifa ya shabiki ni sehemu ya dawa, na kumnyamazisha ni kumwacha yule mjomba bila wa kumwambia, «Mjomba, hii imetengenezwa.»

Najua nitaambiwa kwamba haya yote ni utetezi wa haki ya kusema tu, na kwamba sijaonyesha kuwa yasemwayo yana maana. Basi niyatwae yasemwayo. Mwishoni mwa mwaka 2024 ilitoka filamu ya Mufasa, iliyoongozwa na Barry Jenkins, yenye kueleza mwanzo wa yule mfalme wa wanyama ambaye dunia ilimjua tangu filamu ya kwanza ya mwaka 1994. Ndani yake imefunuliwa kwamba Mufasa hakuwa mwana wa mfalme, bali yatima aliyechukuliwa na mafuriko, akaokotwa na ukoo wa wengine, akakimbia maadui mpaka nchi ya mbali, na huko wanyama wakamkubali awatawale. Mashabiki wengi walichukia. Kijana mmoja wa Soni, ninayemheshimu kwa ukali wa ulimi wake, alinishikilia kwamba filamu imeharibiwa: ile ya kwanza ilisema ufalme ni haki ya damu, na kisa cha mwana aliyenyang'anywa haki yake kina utamu wake, lakini hii ya sasa imemfanya mfalme kuwa mtu wa kuja.

Nilimwambia kwamba yeye, kuliko shabiki yeyote wa London au Los Angeles, hakupaswa kushangazwa na mtu wa kuja. Wafalme wa Wasambaa waliokaa Vugha, waliokuwa wakiitwa Simba Mwene, walitokana na Mbegha, naye Mbegha hakuzaliwa Usambara. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy ameyapanga mambo hayo katika Habari za Wakilindi: mtoto kigego wa Nguu, aliyeota meno ya juu kwanza, akanyimwa urithi na jamaa zake, akaishi porini na mbwa wake akiwinda nguruwe, akakimbia Kilindi baada ya mwana wa mkubwa wa huko kufa mawindoni naye, akapanda milima hii akiwa hana chochote ila mkuki na nyama. Nyama hiyo aliwapa watu, wao wakampa unga na ndizi. Akawaamulia mashauri yao. Bumbuli wakampa mke. Na usiku wa safari ya kwenda Vugha akamuua simba. Ufalme alipewa, hakuuzaliwa. Kwa hiyo filamu ya mwaka 2024, nilimwambia, imeikaribia hekima ya Usambara kuliko ile ya 1994, maana imeuliza mtawala amewafanyia nini watu, haikuuliza baba yake ni nani. Na swali hilo linafaa kuulizwa hata mahali pasipo na sinema.

Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, «Mzee wangu, nakubali, lakini umeruka jambo. Mbegha aliwapa watu nyama. Huyu Mufasa, raia wake ndio nyama yenyewe. Swala wanamshangilia mtu atakayewala kesho, na filamu haituambii ni kwa nini.»

Nikatafuta pa kutokea. Nikamkumbusha kwamba hata ukoo wa Mbegha haukubaki kama ulivyoanza. Kwamba katika siku za Semboja, mmoja wa ukoo huo, aliyejenga Mazinde huku chini karibu na njia ya misafara, vita vya Wakilindi, yaani uzao wa Mbegha, wao kwa wao, viligeuza watu wa milimani kuwa bidhaa, wakashushwa bondeni wakauzwa utumwani na wajukuu wa yule yule aliyewalisha babu zao. Kwamba, kwa hiyo, tofauti ya Mfalme Mbegha na Mfalme Simba ni ya miaka tu.

«Basi,» akasema, «filamu haikudanganya.»